Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (Clausthal, Ujerumani, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, Ujerumani, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtafiti kutoka Ujerumani, mmojawapo wa waanzilishi wa elimu ya bakteria. Anajulikana hasa kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Kwa utafiti wake juu ya ugonjwa huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1905.

Ingawa alikuwa daktari wa binadamu, sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuchunguza magonjwa ya mifugo: kimeta, sotoka, ndigana kali na kifua kikuu cha ng'ombe. Mengi kati ya hayo yanahusu mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Kimeta humezwa pamoja na majani, sotoka huharibu kinywa na matumbo, na kifua kikuu cha ng'ombe humfikia mtu kwa njia ya maziwa. Mwaka 1897 Koch alitangaza njia ya kukinga ng'ombe dhidi ya sotoka kwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa huohuo.

Alifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania mwaka 1897 hadi 1898, tena mwaka 1905 na mwaka 1906, wakati ilipokuwa koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani.

Maisha ya awali

Koch alizaliwa katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, eneo la uchimbaji madini. Baba yake, Hermann Koch, alikuwa afisa wa migodi. Tangu mwaka 1862 alisoma kwenye Chuo Kikuu cha Göttingen akahitimu udaktari mwaka 1866. Mmojawapo wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, ambaye miaka mingi kabla ya hapo alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai wadogo.

Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, Gertrud. Baada ya kuhudumu kama daktari katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa vya 1870–1871, aliteuliwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland na huitwa Wolsztyn. Huko hakuwa na maabara wala maktaba ya chuo kikuu. Alitumia hadubini yake na chumba cha nyumbani, akifanya utafiti baada ya kuwahudumia wagonjwa.

Kimeta

Katika wilaya ya Wollstein kimeta kiliua ng'ombe na kondoo mara kwa mara, na watu waliogusa mizoga nao waliugua. Watafiti wengine walikuwa wameshaona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, lakini haikuthibitishwa kama vijiti hivyo ndivyo chanzo cha ugonjwa. Pia haikueleweka kwa nini malisho fulani yaliendelea kuua mifugo hata baada ya miaka kupita bila mnyama mgonjwa kuonekana hapo.

Koch aliotesha bakteria hao katika umajimaji wa jicho la ng'ombe, akawatazama hatua kwa hatua. Aliona kwamba hali inapokuwa ngumu kwao hujigeuza kuwa spora, yaani mbegu zenye ganda gumu zinazostahimili ukavu na muda mrefu. Zikirudi katika mwili wa mnyama, spora huchipua na kuwa bakteria tena. Mwaka 1876 alimwonyesha kazi hiyo profesa Ferdinand Cohn katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, na Cohn akaichapisha mwaka huohuo. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa kwamba bakteria wa aina moja husababisha ugonjwa mmoja maalumu.

Lilibaki swali la mlango wa kuingilia. Panya aliowalisha spora hawakuugua, ingawa walikufa haraka walipodungwa. Baadaye, alipokuwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1880, Koch pamoja na wasaidizi wake Georg Gaffky na Friedrich Loeffler waliwalisha kondoo vipande vya viazi vilivyotiwa spora. Kondoo hao walikufa kwa kimeta. Hivyo ilionekana kwamba mnyama anayekula majani huambukizwa hasa kwa kumeza. Spora hupita tumboni bila kuharibika, na bakteria huingia mwilini kupitia utumbo au michubuko ya kinywa na koo.

Jambo hilo linaeleza mambo mawili wanayoyafahamu wafugaji. La kwanza ni kwamba kimeta huonekana zaidi pale nyasi zinapokuwa fupi, kwa kuwa mnyama anayekwangua ardhi humeza udongo pamoja na majani. La pili ni kwamba mzoga unaoshukiwa kuwa wa kimeta haupaswi kupasuliwa wala kuchunwa. Ukipasuliwa, bakteria walio katika damu hupata hewa, hufanya spora, na malisho hubaki na hatari kwa miaka mingi.

Berlin: kifua kikuu na kipindupindu

Mwaka 1880 Koch aliitwa kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola mjini Berlin. Huko aliboresha njia za kutia rangi bakteria, kuwapiga picha na kuwaotesha juu ya chakula kigumu ili kila aina ikue peke yake. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1883 aliongoza msafara wa watafiti kwenda Misri na kisha Kolkata nchini Uhindi kuchunguza kipindupindu. Katika matumbo ya watu waliokufa alikuta bakteria waliopinda kama mkato wa maandishi, akaonyesha kwamba maji machafu ndiyo yanayoueneza ugonjwa. Mwaka 1885 akawa profesa wa elimu ya afya kwenye Chuo Kikuu cha Berlin.

Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini dawa haikuponya, na baadhi yao walizidiwa. Baadaye tuberkulini ilipata kazi nyingine iliyo na manufaa: hutumika kupima kama mtu au ng'ombe ameambukizwa. Mwaka 1891 ilifunguliwa taasisi ya magonjwa ya kuambukiza chini ya uongozi wake. Mwaka 1893 alitalikiana na Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, aliyefuatana naye katika safari zake kadhaa za Afrika.

Sotoka na mwili wa ng'ombe

Ili kuelewa kazi ya Koch ya mwaka 1897, inafaa kujua sotoka ilifanya nini ndani ya mwili wa mnyama.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao lina vyumba vinne. Rumeni ndicho chumba kikubwa kuliko vyote. Humo vijidudu vyenye manufaa huchachusha majani. Retikulamu ina ukuta unaofanana na sega la nyuki, nayo husaidia kurudisha chakula kinywani ili kicheuliwe. Omasamu ina kurasa nyingi kama kitabu na hufyonza maji. Abomasamu ndilo tumbo linalofanana na la binadamu: hutoa asidi na vimeng'enya. Baada ya hapo chakula huingia katika utumbo mwembamba, ambako hukutana na nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa katika mfuko wake, na husaidia kumeng'enya mafuta.

Sotoka ilisababishwa na virusi vilivyo na undugu na virusi vya surua ya binadamu. Ilianza kwa homa kali. Baada ya siku chache vidonda vidogo vilitokea kwenye ufizi, ulimi na ndani ya mashavu. Mnyama alitokwa na mate, machozi na kamasi, akaacha kula na kucheua. Kisha ulifuata mharo mkali wenye damu na vipande vya utando wa utumbo. Mnyama aliishiwa maji akafa, mara nyingi kati ya siku ya 6 na ya 12. Katika makundi ambayo hayakuwahi kuupata ugonjwa huo, ng'ombe 9 kati ya 10 waliweza kufa.

Mzoga ulipopasuliwa, vyumba vitatu vya kwanza vya tumbo kwa kawaida vilikuwa na madhara madogo. Uharibifu mkubwa ulikuwa kinywani, katika abomasamu na katika matumbo. Utando wa abomasamu ulikuwa mwekundu na wenye vidonda. Mabaka ya kinga yaliyomo katika utumbo mwembamba yalikuwa yameoza. Na mikunjo ya utumbo mpana ilikuwa na mistari myekundu au myeusi kama ya punda milia. Mfuko wa nyongo mara nyingi ulikuwa umejaa na kuvimba. Nyongo hiyo ndiyo Koch aliyoigeuza kuwa kinga.

Sotoka yaingia Afrika

Sotoka ilijulikana Asia na Ulaya kwa karne nyingi, lakini maeneo mengi ya Afrika kusini mwa Sahara hayakuwa na kinga yoyote dhidi yake. Mwaka 1887 iliingia Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Kutoka hapo ilienea Ethiopia, ikashuka hadi nchi ya Wamasai kufikia mwaka 1891, ikavuka bara ya Tanzania ya leo, na mwaka 1892 ilikuwa imefika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Nyati, pofu na wanyama wengine wa porini walikufa pia.

Kwa jamii zilizoishi kwa ng'ombe, hasara haikuwa ya mali peke yake. Ng'ombe walikuwa maziwa ya watoto, mahari, malipo ya fidia na akiba ya mwaka wa njaa. Njaa kubwa na ndui zilifuata. Mtafiti Oscar Baumann, aliyepita katika nchi ya Wamasai mwaka 1892, alieleza habari za watu waliokonda wakiomba chakula. Miaka hiyohiyo ndiyo Wajerumani waliyokuwa wakiteka bara: Wahehe chini ya Mkwawa waliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, lakini ngome yao ya Kalenga ilitekwa mwaka 1894. Sotoka ilidhoofisha jamii nyingi za bara wakati ule ule zilipohitaji nguvu za kujitetea.

Kwa miaka michache mto Zambezi ulionekana kuuzuia ugonjwa. Mwaka 1896 ulivuka, ukafika Bulawayo na kuenea kwa kasi kuelekea kusini, kwa sababu ng'ombe wa kukokota mikokoteni walikuwa ndio usafiri mkuu wa nchi.

Kimberley: njia ya nyongo

Serikali ya Koloni la Rasi ilimwomba Koch msaada. Aliwasili mwezi Desemba 1896 akaweka kituo chake Kimberley, mji wa migodi ya almasi. Alianza kwa kutafuta bakteria katika damu na viungo vya ng'ombe wagonjwa, kama alivyofanya kwa kimeta na kifua kikuu. Hakumpata. Hakuweza kumpata, kwa kuwa chanzo kilikuwa virusi, ambavyo havionekani kwa hadubini ya wakati ule. Mwaka 1902 ndipo Maurice Nicolle na Adil Bey, waliofanya kazi mjini Istanbul, walipoonyesha kwamba kisababishi cha sotoka hupenya chujio linalozuia bakteria.

Kwa hiyo Koch aliacha kutafuta kijidudu akajaribu kutafuta kinga. Alipima damu, seramu na majimaji mengine ya mwili. Tarehe 10 Februari 1897 aliiarifu serikali kwamba amepata njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpa mnyama seramu ya ng'ombe aliyepona ikichanganywa na damu yenye ugonjwa. Ya pili ilikuwa kumdunga chini ya ngozi sentimita za ujazo 10 za nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Kinga ilijitokeza baada ya siku 10 hivi.

Wazo la nyongo halikuwa geni kabisa. Wakulima wa Orange Free State walikuwa tayari wakijaribu nyongo kwa njia zao kabla ya Koch kutangaza ya kwake. Mchango wake ulikuwa kuipima kwa utaratibu, kukadiria kipimo, na kueleza ni nyongo ipi inafaa.

Njia hiyo ilikuwa na faida moja kubwa: haikuhitaji kiwanda. Mahali popote palipokuwa na ng'ombe aliyekufa palikuwa na dawa ya wale waliobaki. Lakini udhaifu wake ulionekana mapema. Ilibidi wawepo ng'ombe wagonjwa ili ipatikane nyongo, na kila mfuko ulitosha idadi ndogo tu ya wanyama. Nyongo za ng'ombe tofauti hazikuwa na nguvu sawa. Iliyochafuka ilisababisha majipu. Kinga yenyewe ilidumu miezi michache tu, na mnyama aliyekuwa ameshaambukizwa kabla ya kudungwa hakuokoka.

Koch aliondoka Kimberley mwezi Machi 1897 kwenda Uhindi kuchunguza tauni. Kazi iliendelezwa na wengine. Wilhelm Kolle na George Turner waliboresha njia ya kumpa mnyama seramu na damu yenye ugonjwa kwa wakati mmoja, ambayo ilileta kinga ya muda mrefu zaidi. Taratibu njia hiyo ilichukua nafasi ya nyongo.

Dar es Salaam, 1897–1898

Kutoka Uhindi Koch alikuja Dar es Salaam katikati ya mwaka 1897, akakaa hadi mwaka 1898. Alichunguza malaria, akapima pia sampuli za ugonjwa wa kuua uliokuwa ukitokea Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria. Alithibitisha kwamba ulikuwa tauni.

Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vimelea vidogo sana ndani ya chembe nyekundu. Alidhani ni hatua ya ugonjwa wa mkojo mwekundu uliojulikana Marekani. Kwa kweli alikuwa anatazama ugonjwa mwingine, ambao Waswahili wengi wa bara leo huuita ndigana kali.

Wakati huo sotoka ilikuwa imeshapita katika nyanda za juu za kusini. Kwa wafugaji wa bara, njia ya nyongo ilikuja baada ya ng'ombe wao kufa.

Ndigana kali na kupe

Mwaka 1903 Koch aliitwa tena kusini, safari hii Bulawayo. Ng'ombe walioingizwa Rhodesia kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki ili kujaza nafasi ya wale waliouawa na sotoka walikuwa wameleta ugonjwa mpya. Koch alitambua kwamba ni uleule aliouona Dar es Salaam, akauita homa ya pwani ya Afrika. Hivyo alisahihisha maelezo yake mwenyewe ya mwaka 1898.

Ndigana kali huenezwa na kupe. Matezi huvimba, mapafu hujaa maji, na mara nyingi vidonda hutokea katika abomasamu. Koch alipendekeza kuwadunga ng'ombe mara nyingi kwa damu ya wanyama waliopona. Njia hiyo haikufaulu ikaachwa. Utafiti wa Arnold Theiler na Charles Lounsbury huko Afrika Kusini ulielekeza kwenye kupe wenyewe, na kuogesha ng'ombe katika majosho kukawa ndiyo kinga kuu kwa miongo mingi. Kimelea cha ndigana kali kinabeba jina la Theiler: Theileria parva.

Mwaka 1905 Koch alirudi Afrika ya Mashariki. Alichunguza homa ya papasi, ugonjwa uliowapata watu waliolala katika vibanda vya njia za misafara. Alionyesha kwamba vijidudu vyake hupita kutoka kwa papasi jike hadi kwenye mayai yake, hivyo kizazi kipya huzaliwa tayari na ugonjwa. Alifanya kazi pia katika taasisi ya Amani, milima ya Usambara. Mwezi Desemba mwaka huo alipokea Tuzo ya Nobel.

Mjadala wa maziwa

Mwaka 1901, katika mkutano wa kimataifa mjini London, Koch alidai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe ni tofauti na cha binadamu, na kwamba hatari ya kuambukizwa kwa maziwa au nyama ni ndogo mno kiasi kwamba hatua za kuizuia hazihitajiki. Kwa sababu ya heshima aliyokuwa nayo, kauli hiyo ilizua wasiwasi mkubwa miongoni mwa madaktari wa mifugo.

Serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza suala hilo. Baada ya miaka ya majaribio tume ilithibitisha kwamba bakteria wa ng'ombe kweli wana tofauti na wale wa binadamu, lakini wanaweza kumwambukiza mtu, hasa mtoto, kupitia maziwa mabichi. Wakiingia kwa njia ya chakula, mara nyingi hushambulia matezi ya shingo na ya tumbo badala ya mapafu. Hivyo Koch alikuwa sahihi kuhusu tofauti ya bakteria, akakosea kuhusu hatari. Kuchemsha maziwa, ambako yeye hakukuona kuwa na umuhimu mkubwa kwa ugonjwa huo, ndiyo kinga rahisi kuliko zote hadi leo.

Malale katika visiwa vya Sese

Mwaka 1906 Koch aliongoza msafara wa kuchunguza malale, akapitia Amani na kisha kuweka kambi katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, ambako ugonjwa huo ulikuwa umeua watu wengi. Aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa walipofuka na hawakupata kuona tena. Aliondoka mwaka 1907.

Sehemu hii ya maisha yake imezungumzwa sana katika miaka ya karibuni. Wanahistoria wanaonyesha kwamba wagonjwa wa Afrika walijaribiwa dawa katika mazingira ya ukoloni, ambamo hawakuwa na nafasi ya kukubali au kukataa kama walivyokuwa nayo wagonjwa wa Ulaya. Koch alipendekeza pia wagonjwa watengwe katika kambi maalumu, na serikali ya kikoloni ilifuata ushauri huo.

Kifo

Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 akiwa na umri wa miaka 66. Mwili wake ulichomwa, na majivu yamehifadhiwa katika jengo la taasisi aliyoianzisha Berlin. Taasisi hiyo leo inabeba jina lake na ndiyo inayosimamia uchunguzi wa magonjwa ya kuambukiza nchini Ujerumani.

Sotoka baada ya Koch

Koch hakuiona sotoka ikiisha. Ugonjwa uliendelea kurudi Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulisogea tena kusini mwa Tanganyika, ukitishia kuvuka hadi Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Ili kuuzuia, ng'ombe walichanjwa katika ukanda wa nyanda za juu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na uzio ulijengwa kuzuia wanyamapori wasipite. Ugonjwa haukuvuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Walter Plowright, mtafiti katika kituo cha Muguga nchini Kenya, alitengeneza chanjo iliyooteshwa katika seli za maabara. Ilikuwa salama, rahisi kutengeneza kwa wingi, na ilileta kinga ya maisha yote kwa dozi moja. Chanjo hiyo ndiyo iliyofanya mambo ambayo nyongo haikuweza. Sotoka ilionekana kaskazini mwa Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1997. Mwaka 2001 ilithibitishwa kwa mara ya mwisho duniani, kwa nyati wa Meru nchini Kenya. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetokomezwa duniani kote. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa na binadamu baada ya ndui, na wa kwanza kwa wanyama.

Umuhimu kwa wafugaji wa leo

Mfugaji anayechunga katika bonde la Ruaha Mkuu, kwa mfano karibu na Ruaha Mbuyuni kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, hatakutana tena na sotoka ya ng'ombe. Lakini ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008. Huleta dalili zilezile: homa, vidonda vya kinywa, kamasi na mharo unaomaliza maji ya mwili. Ipo chanjo inayoizuia. Kimeta nacho bado kinatokea katika maeneo ambako mifugo na wanyamapori hushiriki malisho.

Kwa sababu hiyo tofauti kati ya magonjwa haya ina uzito hadi sasa. Mharo na vidonda vya kinywa katika mbuzi wengi kwa pamoja ni sababu ya kumwita mtaalamu wa mifugo mapema, kabla kundi zima halijaambukizwa. Kifo cha ghafla, pamoja na damu isiyoganda inayotoka puani, kinywani au kwenye njia ya haja, ni sababu ya kutougusa mzoga, kutoa taarifa, na kuuzika kwa kina au kuuchoma. Katika hali ya kwanza mtaalamu hujifunza kwa kufungua tumbo la mnyama. Katika ya pili kulifungua ni kuueneza ugonjwa.

Nyongo ya Kimberley haitumiki tena popote. Ilikinga kwa muda mfupi, haikuwafikia wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki, na ilitangazwa na mtu ambaye hakuwa amekiona kijidudu alichokuwa akipambana nacho. Hata hivyo ilionyesha kwamba ng'ombe anaweza kukingwa dhidi ya sotoka. Kampeni za chanjo zilizoimaliza zilijengwa juu ya jambo hilo.